Impreza GC8 linalochemsha: rejeta nene, themostati ya kuwahi kufunguka, au feni na njia ya hewa?

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya 1997, ya umbo lile linaloitwa GC8, na somo langu la kwanza kuhusu mfumo wa maji nililipata kwenye mlima wa Kitonga, njia ya Iringa. Saa nane mchana, gia ya pili, mbele yangu malori mawili ya mizigo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Harufu tamu ya kulenti, dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji, iliingia ndani kupitia matundu ya hewa kabla mshale wa joto haujatikisika. Nilipopata pa kuegesha na kufungua boneti, tanki la akiba lilikuwa linatokota. Tanki la juu la rejeta, plastiki ambayo ikiwa mpya huwa nyeusi, lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na pembeni mwa shingo ya hozi ufa mwembamba kama unywele ulikuwa unatoa mvuke.

Tangu siku hiyo wenye GC8 wananiuliza swali lilelile. Fedha iliyopo inatosha kitu kimoja, na kila fundi ana chake. Mmoja anasema funga rejeta ya alumini. Mwingine anasema weka themostati inayofunguka mapema, ile vali inayoruhusu maji yapite kwenye rejeta yakishapata moto. Wa tatu anasema tatizo ni feni. Halafu yupo wa nne, na kila gereji anaye, anayetaka themostati itolewe kabisa. Kila mmoja wao ana gari ambalo ushauri wake unalifaa. Kazi ni kujua kama gari hilo ni lako.

Vya kupimia

Kigezo kinachozidi vyote ni wakati joto linapopanda. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Kimara saa kumi na mbili jioni na gari linalochemsha kwenye mwendo wa 120 kuelekea Morogoro yana magonjwa mawili tofauti. Mfumo wa maji unategemea vitu vitatu: maji yazunguke, rejeta iwe na uwezo wa kutoa joto kwenye maji hayo, na hewa ipite kwenye rejeta. Foleni hupima hewa. Mwendo mkubwa hupima rejeta na mzunguko wa maji. Milima yetu ina ubaya wake, kwani nyuma ya lori unapima vyote kwa mpigo: injini inafanya kazi nzito na upepo wa mbele haupo. Ndiyo maana ushauri wa wenzetu wa Ulaya wanaokimbiza magari haya kwenye viwanja vya mashindano hautufai wote. Wao kwenye kazi nzito wana upepo, sisi hatuna.

Kuujua wakati huo kunahitaji kipimo cha kweli. Mshale wa kiwandani hukaa katikati kwa muda mrefu, na ukianza kupanda joto limeshakuwa kubwa. Funga geji ya pembeni yenye kitambuzi kwenye hozi ya juu, na hakikisha kipande cha chuma kinachobeba kitambuzi hicho kimeunganishwa na waya wa ethi, maana kimezungukwa na mpira na bila ethi kitadanganya. Asiyetaka kukata hozi atumie kipima joto cha bastola, kile cha viwandani na si cha kupimia homa, akimulike kwenye hozi ya juu kisha ya chini. Andika namba za wiki nzima. Kidaftari hicho kitakuokolea fedha nyingi.

Vigezo vingine ni gharama pamoja na kazi ya fundi, kinachoweza kuharibika mambo yakienda vibaya, na urahisi wa kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani. Hiki cha mwisho wengi wanakidharau. GC8 safi zinazidi kutafutwa, na usidhani ni 22B ya 1998 peke yake inayothaminiwa, ile iliyotengenezwa 400 kwa soko la Japani. Hata WRX ya kawaida ambayo haijachezewa ina wateja wake. Kila tundu unalotoboa lifikirie mara mbili.

Lakini kabla ya kununua chochote, ondoa kwanza mambo ambayo hakuna rejeta itakayoyatibu. Mfuniko wa mfumo wa maji uliochoka ni la kwanza. Mfumo huu unategemea presha: kwa mfuniko wa bari 0.9 ulio mzima, maji huko Dar es Salaam hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Spring yake ikilegea, presha inapotea na maji yanaanza kutokota karibu na 100, na ukiwa Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni karibu 95. La pili ni hewa iliyonaswa ndani. La tatu ni gasketi ya silinda hedi. Ukiona vipovu vinapanda mfululizo kwenye tanki la akiba injini ikiwa imewaka, au maji yanasukumwa kwenye tanki hilo na hayarudi gari likipoa, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kuna dawa ya kupimia, ya buluu, inayogeuka njano ikikutana na gesi hiyo. Ikigeuka, acha kusoma hapa na weka akiba ya kufungua injini.

Rejeta ya alumini nene

Inachofanya: inaongeza uwezo wa kutoa joto. Rejeta ya kiwandani ina kiini chembamba cha alumini na matanki ya plastiki juu na chini. Hizi za kubadilishia zina kiini kinene, nyingi karibu milimita 40, na matanki ya alumini yaliyochomelewa. Eneo la kukutana na hewa linaongezeka, maji yanaongezeka kidogo, na ile plastiki inayopasuka kwa uzee inaondoka.

Wakati inaposaidia: mwendo mkubwa, mlima wenye nafasi ya kukimbia, au injini iliyoongezewa nguvu. Kadiri tabo (turbo) inavyosukuma hewa zaidi ndani ya injini ndivyo joto la kuondoa linavyozidi, na hapo rejeta ya kiwandani inafika mwisho wa uwezo wake hata ikiwa mpya. Ukiona hozi ya juu inapanda polepole na kwa uthabiti kila unapokaza mwendo, na inashuka ukilegeza mguu, hiyo ni lugha ya rejeta isiyotosha. Au rejeta iliyoziba. Mulika mapezi yake kwa bastola ya joto sehemu mbalimbali: pakiwa na baridi ghafla katikati ya moto, maji hayapiti hapo.

Kwenye foleni hadithi inabadilika. Kiini kinene ni kizito kwa feni kuvuta hewa, kwa sababu hewa inapita njia ndefu yenye upinzani zaidi. Nimeona WRX ikitoka gereji na rejeta inayong'aa, barabara kuu ya Chalinze haina shida yoyote, foleni ya Tazara inachemka kuliko mwanzo. Mwenyewe alikuwa amehamishia feni zilezile za zamani, moja ikizunguka kwa kusuasua.

Gharama: ndiyo kubwa kuliko zote hapa, na ubora unatofautiana mno. Tazama mshono wa kuchomelea kwenye kona, hapo ndipo za bei rahisi hufa. Kazi ni ya nusu siku kwa fundi anayelijua gari. Pima nafasi kati ya feni na kava ya mikanda kabla hujalipa, kwa sababu unene unaoongezeka unatoka kwenye nafasi hiyo.

Kinachoweza kuharibika: alumini na maji ya chumvi haviivani. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na mtu aliyezoea kujazia maji ya bomba la nyumbani ataitoboa rejeta mpya kama alivyoitoboa ya zamani. Tumia kulenti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu. Maji matupu hubeba joto zaidi kuliko mchanganyiko huo, hilo ni kweli, ila hayalindi chuma na huwahi kuchemka.

Kurudisha: rahisi, ukitunza rejeta na mabano ya zamani.

Inamfaa aliyeongeza nguvu, anayekimbiza gari kweli, na yeyote ambaye tanki lake la plastiki limeshageuka rangi. Huyu wa mwisho ana njia nyingine pia: rejeta mpya ya aina ya kiwandani, ya bei ya chini, inayokaa bila kupimapima. Kwa gari lisilochezewa inatosha.

Themostati ya kuwahi kufunguka

Hapa ndipo ninapoona watu wakinunua matumaini, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Themostati ya kiwandani ya EJ20, injini ya gari hili, huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na hufunguka yote kwenye 91. Hizi za kubadilishia, nyingi, huanza kwenye 68. Kwenye injini hii imekaa chini, kwenye mdomo wa pampu, upande ambao maji yanarudi kutoka rejeta, tofauti na injini nyingi za zamani ambako iko juu maji yanapotoka.

Inachofanya: inashusha joto la kuanzia. Ukiwa barabara kuu na mfumo mzima, maji yatatulia chini kidogo kuliko kawaida, na ukikanyaga mafuta utakuwa na akiba ya nyuzi chache kabla ya kufika pabaya. Kwa mtu wa mashindano mafupi akiba hiyo ina maana.

Isichofanya: haiongezi uwezo hata chembe. Themostati ni mlango. Mlango ukishafunguka wote, kinachoamua joto ni rejeta na hewa, na milango yote miwili, ya 68 na ya 78, kwenye nyuzi 100 iko wazi. Gari linalofika 110 Kitonga litafika 110 hiyohiyo, labda dakika moja baadaye.

Foleni nako haigusi kitu, na sababu yake wengi hawaijui. Feni za GC8 zinaamriwa na kompyuta ya injini, na haziwaki mpaka maji yafike karibu nyuzi 95. Ukisimama kwenye foleni ya Mwenge na themostati ya 68, hakuna upepo, mlango uko wazi, na maji yanapanda taratibu mpaka 95 feni ziwake, kama yalivyokuwa yakipanda na themostati ya zamani. Anayetaka faida foleni lazima abadilishe pia joto la kuwashia feni, na hiyo ni kazi ya mtu wa kompyuta au ya swichi ya pembeni.

Gharama: ndogo kuliko zote. Saa mbili na gasketi yake mpya, muda mwingi ukienda kwenye kumwaga na kujaza maji. Kurudisha ni vilevile.

Kinachoweza kuharibika: themostati za bei ya chini zenye umbo dogo kuliko ya asili zimewasumbua wenye Subaru wengi, kwa sababu tundu lake la kupitisha maji ni dogo. Iweke ya zamani na mpya mezani pamoja. Tofauti inaonekana kwa macho: ya asili ina mwili mpana na spring nene. Pia injini ikiwa baridi kupita kiasi kompyuta inaendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Dar hilo ni nadra, lakini Njombe mwezi wa saba asubuhi utaliona kwenye matumizi ya mafuta.

Inamfaa mwenye mfumo mzima kabisa na injini iliyoongezewa nguvu, anayetaka akiba ndogo ya ziada. Asiye na shida hata moja anayetaka tu kubadilisha iliyozeeka, anunue ya asili.

Feni na njia ya hewa

Inachofanya: inahakikisha hewa inayoingia mbele inapita ndani ya rejeta, haikwepi pembeni. Haina mng'ao, haionekani boneti ikifunguliwa, na kwa magari ninayoyaona ndiyo inayohitajika mara nyingi zaidi.

Lala chini ya gari uangalie. Kava la plastiki la chini ya injini lipo? Kwenye GC8 nyingi limeshatolewa wakati wa kumwaga oili likaachwa gereji. Bila hilo, hewa ya moto iliyopita kwenye rejeta inarudi mbele kwa chini na kuvutwa tena. Kisha tazama kati ya rejeta na fremu, juu na pembeni: kila upenyo unaoingiza vidole viwili ni njia ya hewa kukwepa. Sponji ngumu ya kuziba milango au vipande vya plastiki vilivyokatwa vizuri vinatosha. Angalia pia katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Miaka ya mende, majani na mavumbi ya barabara za vijijini hujazana hapo kama blanketi, na ukisafisha kwa mbele tu hutaliona. Lazima rejeta ivutwe nyuma kidogo, maji yapitishwe kutoka upande wa injini kwa presha ndogo ili mapezi yasilale.

Feni zenyewe ni mbili. Washa kiyoyozi uone kama zote zinazunguka, kisha weka karatasi mbele ya grili: feni nzima inainasa. Mota za miaka 25 huchoka bila kufa, zinazunguka lakini hazivuti. Kava linaloshikilia feni lisiwe limepasuka, kwa sababu ndilo linalofanya feni ivute eneo lote la rejeta na si duara lake peke yake.

Wakati inaposaidia: foleni, na kupanda nyuma ya malori. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kuendelea feni hazina kazi kubwa, upepo wa gari unazishinda, ila kuziba mianya bado kunasaidia.

Kuna kundi moja linalostahili kutajwa peke yake: walioondoa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) ya juu, ile inayopumua kwa tundu la boneti, wakaweka kubwa mbele ya rejeta. Hewa yao inapita intakula, kisha kondensa, ndipo ifike kwenye rejeta ikiwa imeshapata moto na kupoteza kasi. Kwao kuziba mianya ni lazima, si hiari.

Gharama: ya katikati ukinunua feni, karibu bure ukianza na usafi na sponji. Ni Jumamosi nzima ya mikono yako mwenyewe. Kinachoweza kuharibika ni umeme: feni kubwa ya kubadilishia ikiunganishwa kwenye nyaya za zamani bila rilei na fyuzi yake inaunguza plagi, na feni ikizima katikati ya foleni umerudi ulikoanza. Kurudisha ni rahisi ukitumia nafasi za boliti za asili.

Inamfaa mwenye gari la kila siku la mjini, na asiyetaka kuligeuza gari lake.

Na kutoa themostati kabisa?

“Kaka, hii kitu ni ya Wazungu wenye barafu, huku ni joto tupu,” fundi mmoja aliniambia, na hakuwa na nia mbaya. Ana hoja yake: themostati iliyokwama ikiwa imefunga inaua injini ndani ya dakika chache, na isiyokuwepo haiwezi kukwama. Ukiwa njiani, themostati imekwama na duka la spea liko kilomita 80, itoe, jaza maji, fika salama. Hapo namuunga mkono.

Kuiacha hivyo miezi na miaka ni jambo jingine. Barabara kuu usiku injini haifikii joto lake, petroli inaongezwa bila sababu, nyingine inapenya kwenye oili na kuifanya nyepesi, na tabo inategemea oili hiyohiyo. Baya zaidi, inaficha ugonjwa: rejeta iliyoziba nusu inaonekana nzima mpaka siku ya mlima. Nisahihishe na upande wa pili, kwa sababu wanaopinga nao husema bila themostati maji yanapita haraka hayapati muda wa kupoa. Si hivyo. Maji yakipita haraka yanarudi haraka pia, na mzunguko mkubwa haupunguzi joto linalotoka. Hasara yake ni injini kukaa baridi isipotakiwa.

Kwa hali yako

Linapanda foleni tu na linatulia ukipata mwendo: anza na feni na njia ya hewa, na usinunue kingine mpaka ujaribu wiki mbili.

Linapanda mwendo mkubwa na foleni halina shida: pima rejeta kama imeziba. Kwa injini ya kawaida weka mpya ya aina ya kiwandani, kwa iliyoongezewa nguvu weka ya alumini nene pamoja na feni zinazoweza kuvuta kupitia unene huo.

Linapanda mlimani nyuma ya malori, kama langu: nilibadilisha rejeta kwa sababu ilikuwa imepasuka, nikachukua ya aina ya kiwandani, nikarudisha kava la chini, nikaziba mianya na kubadilisha feni moja. Themostati ni ya asili. Kwa injini ambayo haijaongezewa kitu imenitosha. Mwenye tabo kubwa kwenye mlima huohuo angehitaji ya alumini.

Halipandi, ila unaliandaa kwa mashindano: rejeta nene kwanza, themostati ya 68 baada yake, na swichi ya kuwasha feni mapema. Hozi za silikoni zinadumu, ila hazipunguzi joto.

Gari la kutunza na pengine kuuza siku moja: kila kitu cha asili na kipya, mfuniko, themostati, hozi, rejeta, na cha zamani kilicho kizima kiwekwe kwenye boksi.

Na uchague lipi, kujaza ndiko kunakoamua kama kazi imekubali. Inua pua ya gari, fungua skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta, weka hita kwenye moto wa mwisho, kisha mimina taratibu kupitia tanki dogo la juu ya injini mpaka kulenti itoke kwenye skrubu bila vipovu. Ifunge, washa injini, subiri feni ziwake na kuzima mara mbili. Liache lipoe usiku kucha, asubuhi ongeza kilichopungua, na fanya hivyo asubuhi nyingine tatu. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kidogo.